Kelele Hazishoni Kola

Katika kiwanda kile cha sare za shule hakuna mtu hata mmoja aliyeshona shati zima. Mkataji alikata, mwingine akaunga mabega, mwingine akashona kola na kuibandika, mwingine mikono, mwingine mifuko, kisha vifungo, kisha meza ya kukata nyuzi zilizobaki, na mwisho kabisa pasi. Furushi lilitoka mkono huu likaingia mkono ule, meza nzima, kutwa nzima. Uzuri wa mpango huo ni kwamba kila mtu aliijua kazi yake akiwa amefumba macho. Ubaya wake ni kwamba mmoja akizembea, wote wanajua ni nani.

Aliyeshona kola aliitwa Mama Kola. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilikaa kwenye kitambulisho huko likipumzika. Alikuwa na sababu ya kuitwa hivyo. Kola ndiyo inayomtesa fundi kuliko sehemu zote za shati: unashona ndani nje, unapunguza kitambaa kwenye kona, unaigeuza, unaisukuma ncha itoke kali bila kutoboka. Wengine walisukuma kwa mkasi wakatoboa. Mama Kola aliigeuza kwa kidole gumba na kuipiga kofi moja, na ncha mbili zikatoka pacha. Alifanya hivyo tangu mwanawe wa kwanza hajazaliwa, na huyo mwana sasa alikuwa na ndevu.

Basi mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeanza kuwachelewesha wenzake.

Ilianza na baridi. Ukumbi ule ulikuwa na pasi za mvuke upande mmoja na bati juu, watu walijipepea kwa vipande vya boksi, na Mama Kola alikuja na sweta. Rafiki yake wa meza ya mikono, aliyekaa kushoto kwake na kupokea kila shati lililotoka kwake, alimgusa mkono akashtuka.

"Shoga, mbona u baridi hivi? Umelala kwenye friji?"

"Sijui. Nasikia baridi mpaka mifupani."

Baada ya baridi ukaja unene. Sketi zilikataa kufunga, uso ukajaa, macho yakavimba kama ya mtu aliyelia, na wallahi alikuwa anakula kidogo kuliko zamani. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ya viwiko ikakwaruza. Choo kikawa habari ya kusimulia kilipopatikana. Sauti nayo ikazama. Siku moja dada yake alipiga simu, akasikia "haloo" nzito, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo shemeji, nipe dada niongee naye." Mama Kola alilazimika kumwambia kwamba dada ni yeye. Walicheka wote wawili, lakini alipokata simu hakuona tena cha kuchekesha.

Na usingizi! Alilala akaamka amechoka kuliko alivyolala. Asubuhi vidole vilikuwa na ganzi, ikabidi avikunje na kuvikunjua kabla ya kushika sindano. Alikuwa anashona katikati ya kola, anasimama, anaitazama, hakumbuki kama upande huu ameshaushona. Anaanza upya. Kushoto kwake rafiki yake anakaa mikono mitupu, na baada yake wa mifuko, na baada yake wa vifungo, wote wanamtazama.

Msimamizi wa ukumbi aliitwa Filimbi. Filimbi yenyewe hakuwa nayo, ilikuwa sauti yake tu. Alikuwa na imani moja maishani, kwamba kazi inatoka kwa kelele, na kazi isipotoka basi kelele hazijatosha.

"Kola! Mama Kola! Kola ziko wapi?"

"Zinakuja, bosi."

"Zinakuja kwa miguu? Watu hawachoki hapa, wanachoka wavivu!"

Hilo neno lilimchoma, na lilimchoma zaidi kwa sababu alikuwa ameshalisikia nyumbani. Mume wake alikuwa kinyozi. Kutwa nzima alishika shingo za watu, akajua nani ana kipele, nani ana uvimbe, nani ana ngozi ya kuwashwa na wembe. Shingo ya mkewe, iliyolala mto mmoja na yake, hakuiona. Alichoona ni vyombo ambavyo havijaoshwa na mke amejikunja kwenye kochi saa za mchana.

"Siku hizi umezoea kulala," alisema jioni moja, tena bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Uvivu ukiingia kutoka ni kazi."

Wifi yake, dada wa Kinyozi, naye alipokuja kusalimia alimzunguka akimtazama juu mpaka chini. "Wifi, raha zimekukolea! Kaka yangu anakulisha nini?" Mama Kola alitabasamu, maana wifi ni wifi. Akaenda jikoni, akasimama pale akiwa ameshika sufuria, akalia bila sauti.

Hospitali alikwenda, msidhani hakwenda. Zahanati ya kwanza walimwangalia kope, wakasema damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Ya pili wakasema, "Ni umri, mama, na upunguze kula." Apunguze nini, mtu anayeshinda na kipande cha mkate? Alitoka pale amekasirika, na hasira yenyewe ikamchosha, ikabidi aketi kwenye ngazi za zahanati kupumzika kabla ya kwenda nyumbani kuendelea kukasirika.

Ndipo Filimbi alipompa onyo mbele ya watu. Oda kubwa ya muhula mpya ilikuwa njiani. "Ikija, nikikuta kola zimelundikana mezani kwako, kiti hicho anakaa mama wa mifuko, na wewe unakwenda kwenye nyuzi."

Kukata nyuzi siyo dhambi, kuna watu wamesomesha watoto kwa mkasi ule mdogo. Lakini meza ya nyuzi ilikuwa pale mlangoni, walipowekwa waliokuwa wanajifunza na waliokuwa wanasubiri kustaafu. Kwa Mama Kola ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba amekwisha. Ile kola ndiyo ilikuwa jina lake. Akiondoka pale ataitwa nani?

Akapiga moyo konde, akaenda hospitali ya tatu.

Daktari wa hapo alikuwa mwanamke aliyekonda, mwenye chumba ambacho mlango wake haufungi, hivyo wagonjwa wa foleni walichungulia ndani wakikohoa ili wakumbukwe. Hakumtazama kope. Alimtazama nyusi, akaona nusu ya nje imepukutika. Akamwambia ameze funda la maji huku akimshika shingo kwa vidole viwili chini ya koo. Akamgonga goti kwa kinyundo: mguu ukaruka, kisha ukarudi chini taratibu kama haukuwa na haraka na dunia hii. Daktari akasema "mh," akaandika kipimo cha damu.

Majibu yalipotoka alimuita tena.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nashona kola."

"Kola tu?"

Mama Kola akamweleza habari ya meza, furushi, mikono, mifuko, na Filimbi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaonekana kufurahi kidogo, labda kwa sababu mfano umejileta wenyewe.

"Basi mwili nao ni ukumbi kama huo wenu," alisema. "Una tezi, viungo vidogo vidogo vinavyotengeneza homoni. Homoni ni maagizo. Tezi hizi hazina bomba wala mfereji, zinaimwaga homoni moja kwa moja kwenye damu, na damu inaizungusha mwili mzima. Lakini siyo kila kiungo kinaisikia. Kinaisikia kile tu chenye mahali pa kuipokea. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Ukila, sukari ikapanda kwenye damu, kongosho inatoa insulini, mwili unaichukua ile sukari na kuitumia au kuiweka akiba. Juu ya figo kuna tezi mbili, hizo ndizo zinazokimbiza moyo mbwa akikubwekea. Ovari nazo zinaendesha mwezi wako."

"Na hii ya shingoni?"

"Hiyo ina umbo la kipepeo. Inaitwa dundumio. Yenyewe inaamua mwili uende kwa mwendo gani. Joto lako, moyo, utumbo, ngozi, nywele, hata akili ya kukumbuka ulishona upande upi. Homoni yake ikipungua, kila kitu kinapunguza mwendo. Huli kupita kiasi, mama, ila hata kile kidogo unachokula mwili hauna mwendo wa kukitumia, na maji yanajaa chini ya ngozi."

Mama Kola akauliza swali la mtu wa kiwandani. "Na msimamizi wao ni nani?"

Daktari akacheka. "Yupo. Yuko chini ya ubongo, mdogo kama punje ya njegere, anaitwa pituitari. Naye ana bosi wake juu yake, hukohuko ubongoni. Kazi ya pituitari ni kupima damu. Akiona homoni ya shingo imepungua, anatuma homoni yake kuiambia tezi, ongeza. Ikitosha, ananyamaza. Mtu mzima wa afya, kutwa kucha wanaelewana hivyo, yeye hana habari."

"Wangu je?"

"Wako anapiga kelele. Kipimo kinaonyesha anapiga kelele kupita kiasi, na tezi haimjibu. Siyo kwamba inakataa. Imeumwa. Kinga ya mwili wako mwenyewe imeigeukia na kuiharibu, na kiungo kilichoharibika hata ukikipigia kelele namna gani hakitoi kitu."

Hapo ndipo Mama Kola alipolia, na safari hii kwa sauti, mpaka wa foleni wakaacha kukohoa. Daktari alidhani ameogopa. Hakuwa ameogopa. Alikuwa ameambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba siyo mvivu.

Akaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi, kidogo kuliko kifungo cha shati, maisha yake yote. "Kwa maji, kabla hujala," alisema daktari, na wakati huo mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshaingia nusu mwili.

Nyumbani, Kinyozi alisikia habari yote akiwa amesimama. Mkewe alipofika mahali pa kinga kuiharibu tezi, aliketi. Hakusema samahani, maana yeye ni wale wanaume ambao samahani yao hutokea mikononi. Kesho yake asubuhi alitangulia kuamka, akawasha jiko, akapika chai ya maziwa, nzito, yenye utando juu, akaileta mpaka kitandani. Kwenye kisahani aliweka kidonge kipya na pembeni yake kile cha kuongeza damu.

"Daktari amesema kabla ya kula," alisema Mama Kola.

"Daktari analijua tumbo lako kuliko mimi? Dawa haiingii tumbo tupu."

Kwao hiyo ilikuwa sheria. Marehemu mama yake Kinyozi aliwahi kumeza dawa alfajiri bila kutia kitu tumboni, akaanguka mlangoni akapasuka kidevu, na tangu siku ile hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeruhusiwa kumeza hata kidonge cha kichwa bila kitu kizito cha kukitangulia. Kinyozi alikua nayo sheria hiyo kama wengine wanavyokua na dini.

"Lakini..."

"Mke wangu, mgonjwa haulizwi uji. Kunywa."

Akanywa. Alikuwa amechoka mno kubishana, na tuseme ukweli, alikuwa hajaletewa chai kitandani tangu wiki ya arusi. Ilikuwa tamu. Alimeza vidonge vyote viwili kwa ile chai, na kila asubuhi ikawa hivyo, chai, utando, vidonge viwili, na Kinyozi amesimama anamtazama mpaka ameze, anaridhika, ndipo anakwenda kufungua duka lake.

Wiki zikapita. Sweta halikutoka mwilini.

Alirudi kwa daktari, damu ikapimwa, kelele zilikuwa palepale. Daktari akaongeza nguvu ya dawa. Wiki nyingine zikapita, sauti bado ya shemeji, vidole bado vina ganzi. Akarudi tena. Daktari akaangalia karatasi, akamwangalia yeye, akaangalia karatasi.

"Mama, niambie ukweli. Unaruka siku?"

"Siruki."

"Hata moja? Watu wengi wanasahau."

"Sijaruka hata siku moja, daktari."

Daktari aliitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu ambaye hakuamini lakini amelelewa vizuri. Akaongeza dawa tena. Mama Kola alitoka pale akihesabu moyoni. Kazini mvivu wa kushona, nyumbani alikuwa mvivu wa vyombo, na sasa hospitali amekuwa mvivu wa kumeza! Alitamani kukipata kile kidonge akiulize mbele ya mashahidi, kila siku unakwenda wapi?

Oda ya muhula mpya ikaja. Siku ya kwanza alijikaza kisabuni, akabana meno, akashona. Siku ya pili mashati yaliyoungwa mabega yalianza kulundikana upande wake wa kulia. Siku ya tatu lundo lilikuwa juu mpaka aliyeketi nyuma yake hakumwona. Filimbi akapiga kelele. Akapiga tena. Alipomaliza kelele za kawaida akazitoa zile za akiba, na Mama Kola, kwa haraka ya kumridhisha, akaisukuma ncha ya kola kwa mkasi, kosa ambalo amewakanya wasichana wapya miaka yote hiyo. Ikatoboka. Wote waliona.

"Inuka," alisema Filimbi.

Akainuka. Mama wa mifuko akaja kukaa pale huku ameangalia chini, akinong'ona, "Nisamehe dada, sikuomba mimi." Mama Kola akachukua sweta lake akaenda mlangoni, kwenye meza ya nyuzi. Kutwa nzima alikata nyuzi kwenye kola za mtu mwingine, ncha moja ndefu, moja fupi, na hakuruhusiwa kuzigusa zaidi ya uzi.

Safari iliyofuata ya kwa daktari, Kinyozi alifunga duka akasema anakwenda naye. Alikuwa amesikia habari ya "unaruka siku" na ilimuudhi kuliko alivyoudhika mkewe. Aliingia kile chumba cha mlango usiofunga akaketi kifua mbele.

"Daktari, mimi ni mume wake. Mke wangu hajaruka hata siku moja. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa, kwa mkono wangu huu."

"Vizuri, baba. Unampaje?"

Kinyozi alikuwa anasubiri kuulizwa. Akaeleza kwa fahari zote: jinsi anavyoamka mapema, jinsi anavyochemsha maziwa mengi maji kidogo, jinsi anavyohakikisha utando haupotei kwa sababu ndio wenye nguvu, jinsi anavyoweka kidonge cha shingo na kidonge cha damu pamoja ili tumbo lipokee mara moja. "Tumbo lake halijawahi kuuma hata kidogo," alimalizia.

Daktari aliweka kalamu chini.

Mama Kola aliona kalamu ile ikiwekwa chini, na kabla hajaambiwa neno, akalivuta sweta lake mpaka shingoni.

"Baba," alisema daktari polepole, "maziwa yanakishika kile kidonge kabla hakijaingia kwenye damu. Vidonge vya damu vinakishika zaidi, vile vina madini ya chuma. Hata chai yenyewe inazuia. Kinachomfikia ni kidogo sana, kingine chote kinatoka kama kilivyoingia. Anakimeza, ndiyo. Mwili haukipati." Akasugua macho. "Na mimi ni miezi yote hii naongeza dawa, sijauliza anameza na nini. Hapo nimekosea."

Akaandika upya, na akapunguza nguvu ya dawa, maana sasa ingefika yote na ingeweza kuukimbiza moyo. Maji matupu. Akae karibu saa nzima bila kitu. Vidonge vya damu vihamie jioni.

Walitoka nje wakatembea mpaka penye kivuli cha ukuta. Kinyozi alikuwa amesinyaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanyeje kikiwa kinakula kwa mapenzi. Mama Kola alitafuta hasira akaipata, akaitafutia mahali pa kuitupa akakosa, mwishowe akaitupa palepale aliposimama mumewe.

"Uliniita mvivu nikanyamaza," alisema kwa ile sauti nzito. "Ukaniletea chai nikanyamaza. Nilikwambia daktari amesema kabla ya kula, ukasema mgonjwa haulizwi uji. Basi kuanzia leo uniulize. Kiti changu kimekwenda na chai yako, unasikia? Kiti changu!"

Watu waligeuka. Kinyozi, aliyezoea kuwashika wengine vichwa, aliinamisha chake. "Nasikia," alisema.

Kesho yake asubuhi alileta glasi ya maji. Mama Kola akameza kidonge peke yake. Chai ilikuwa tayari jikoni, imefunikwa kwa kisahani, na Kinyozi alikuwa ameketi mkabala naye mikono magotini.

"Wewe mbona hunywi?"

"Nitakunywaje peke yangu?"

Wakakaa hivyo, matumbo yananguruma kwa zamu, wakiangalia saa ya ukutani ambayo ilikuwa haijawahi kuangaliwa na watu wawili kwa chuki kiasi kile.

Mwili haukurudi kwa kishindo. Kwanza aliamka siku moja akaona amelisahau sweta nyumbani na hakulirudia. Ganzi ikapungua vidoleni. Sketi moja ikafunga, kwa kubembelezwa. Dada yake alipiga simu, akasikia "haloo," akaanza moja kwa moja, "Dada, hebu nikwambie..." na Mama Kola akamkatisha kwa furaha, akamwambia arudie tena lile neno la kwanza.

Kiwandani nako mambo yaliharibika. Shule moja ilirudisha marobota mawili ya mashati, kola zimepinda. Mama wa mifuko mwenyewe alimwendea Filimbi akamwambia kwamba kola zitamuua, arudishiwe mifuko yake. Basi Filimbi akaenda mpaka mlangoni, akamnyooshea Mama Kola kidole, kisha akakielekeza kwenye kiti. Hakusema kitu. Kwa Filimbi huo ulikuwa upole.

Mama Kola akaketi. Akapandisha kiti kidogo, maana kilikuwa kimeshushwa. Akashona, akapunguza kona, akageuza, kidole gumba, kofi moja. Ncha mbili zikatoka pacha. Rafiki yake wa kushoto akalipokea shati, akalibusu kwa mzaha, kisha hakupata tena nafasi ya mzaha, maana mashati yalianza kumjia bila kupumzika. Mpaka kufikia saa ya chakula upande wa kulia wa Mama Kola ulikuwa mtupu, hakuna shati lililosubiri.

Filimbi alisimama katikati ya ukumbi akainua mikono.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona faida ya maneno makali? Mlininung'unikia nilipomtoa. Nilipomtoa ndipo akili ilipomrudia, uvivu ukamtoka. Mpigieni makofi mwenzenu, amejirekebisha!"

Na wakapiga. Wengine kwa kumpenda, wengine kwa kuogopa, lakini walipiga.

Mama Kola aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani yake ikanyamaza, na kwa kuwa kola ikisimama mikono nayo inasimama, ya rafiki yake ikanyamaza, ikafuata ya mifuko, ikafuata ya vifungo, mpaka ikabaki pasi peke yake inapumua.

"Bosi," alisema, na sauti ilikuwa yake, nyembamba na safi, "mimi nilikuwa naumwa. Ndani ya kichwa changu kuna msimamizi mwingine, mdogo kama njegere, na yeye alinipigia kelele kuliko wewe, mchana na usiku, wala halali. Hakupata kitu. Na wewe ulipiga kelele miezi yote hiyo, hazikunishonea kola hata moja. Kilichonirudisha hapa ni kidonge na glasi ya maji. Sikuwa mvivu. Nataka uniambie pole."

"Kidonge cha uvivu!" alisema Filimbi, akigeuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. "Kiletwe kingi, tuwagawie wote!" Mmoja wawili walicheka, wakaacha njiani.

"Pole tu," alisema Mama Kola. "Siyo kitu kikubwa."

"Kola, Mama Kola."

Hakukanyaga.

"Kola!"

Alimtazama tu. Mishipa ya shingo ya Filimbi ilikuwa imesimama, uso umeiva, na kelele yenyewe ilikuwa kubwa kweli. Ilipita juu ya meza, ikagonga bati, ikarudi, na hakuna uzi uliosogea.

Ndipo rafiki yake wa mikono akageuza kiti. "Pole, shoga," akasema. "Mimi pia nilisema umezembea. Nilisema na wenzangu." Wa mifuko akafuata, "Pole, dada." Wa vifungo akasema pole. Meza ya nyuzi wakasema, wa pasi akaweka pasi yake wima akasema pole, mama. Ilikwenda vile vile kama mafurushi, mtu kwa mtu, mpaka ikamfikia Filimbi pale aliposimama.

Filimbi aliangalia saa yake. Akaangalia mlango. "Muda wa chakula ukiisha nataka kola," alisema, akatoka nje.

Kiti Mama Kola amekipata tena, na mpaka leo anakikalia. Kila asubuhi anameza kidonge kwa maji, na Kinyozi anakaa mkabala naye wakisubiri chai. Jioni akirudi, kabla hajavua viatu, mumewe humwuliza swali lile lile.

"Amekwambia pole?"

"Bado," husema Mama Kola.